Shangazi Aliyekataa Kuaminiwa Hivihivi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya kufunga kazi itakapolia, Meneja wa Ofisi wa kiwanda chetu cha uchapaji atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi, na atastaafu. Kwenye makaratasi ana jina lake kamili na cheo chake. Hapa ndani anaitwa Shangazi, na hata wateja wanaokuja mara moja kwa mwaka kuchapa kalenda huuliza mapokezi kama Shangazi yupo. Mimi ni msahihishaji wa kiwanda hiki, mtu ninayelipwa kwa kutoiamini herufi yoyote mpaka niitazame mara mbili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, walisema, mimi si mwepesi wa kusifu. Kweli si mwepesi. Leo mtanivumilia.

Aliingia hapa akiwa msichana mwembamba. Hatuna picha ya kuthibitisha hilo, tuna neno lake tu. Aliajiriwa kukunja karatasi, na Mzee mwanzilishi, baba yake Bosi wetu wa sasa, alimpa mwezi mmoja wa majaribio kisha akasahau kumwambia kwamba mwezi umekwisha. Shangazi husema mpaka leo yuko kwenye majaribio, ndiyo maana hachelewi. Kutoka kukunja alipanda hadi kushona vitabu, kutoka kushona akaenda kaunta ya wateja, na kutoka kaunta akaingia ofisini, ambako aliwakuta watu watatu wakigombana juu ya nani amepoteza stepla. Aliipata siku hiyo hiyo, chini ya tako la mmoja wao. Hajatoka ofisini tangu hapo, ukiacha kipindi kimoja nitakachokieleza.

Siku hizo Bosi alikuwa mtoto wa shule. Alikuwa akija mchana kumsubiri baba yake, analala juu ya marobota ya karatasi, na Shangazi ndiye aliyekuwa akimvua viatu asije akachafua mali. Yeye ndiye aliyeanza kumwita Shangazi. Sisi wengine tulidandia.

Kuna bibi harusi mmoja ambaye kadi zake zilitoka na tarehe ya mwaka uliopita. Hii ilikuwa kabla sijaajiriwa, nasisitiza. Mzee alishika kichwa. Shangazi hakushika kichwa, alishika mkasi. Aliwakalisha wafanyakazi wote, pamoja na Mzee mwenyewe, wakabandika kwa mkono kijikaratasi cha dhahabu chenye tarehe sahihi kwenye kila kadi. Bibi harusi alipokuja kuzichukua aliuliza kama lile pambo ni la kulipia zaidi, na Shangazi, kwa uso mkavu kabisa, akamwambia hapana, hiyo ni zawadi kutoka kwetu. Mwaka ule watu wengi walikuja kuagiza kadi zenye kijikaratasi cha dhahabu.

Lakini ukimwuliza yeyote hapa Shangazi alijulikana kwa jambo gani hasa, atakuambia: kuamsha kompyuta.

Kiwanda chetu ni kidogo. Tukikaa wote kunywa chai tunaenea kwenye meza moja. Kila mtu ana jambo lake analowafanyia wenzake. Fundi Mkuu wa mitambo hutunolea visu vya nyumbani. Shangazi naye alikuwa akituamshia kompyuta. Alifika wa kwanza, akaweka birika, akaanza kupita meza hadi meza. Anawasha, anaandika paswedi ya mwenye meza, anamfungulia kazi pale pale alipoiachia jana. Unaingia bado una usingizi machoni, unakuta mchoro wako unakusubiri na kikombe kiko kando. Jamani, ulikuwa unajiona mtu mkubwa!

Paswedi zote alikuwa nazo kichwani. Na kwa njia hiyo alizijua habari zetu kabla hatujazisema. Mchoraji wetu, tunayemwita Msanii, alikuwa na paswedi yenye jina la mchumba wake. Asubuhi moja Shangazi alikuta haifungui. Akajaribu jina la timu yake ya mpira, ikafungua, akaelewa kila kitu. Msanii alipofika alikuta chai ina sukari ya kumwaga, na hakuna aliyemwuliza swali. Fundi Mkuu yeye hakuijua paswedi yake kabisa. Aliiweka siku ya kwanza, akamkabidhi Shangazi, akaisahau kwa amani. Mimi yangu siitaji hapa, maana nina heshima zangu.

Miaka mitatu iliyopita utamu huo ulitutokea puani.

Mteja wetu mkubwa, tunayemwita Mwenye Sabuni kwa kuwa ndiyo biashara yake, alikuwa anajiandaa kutoa sabuni mpya, na sisi tulikuwa tunamchorea boksi lake. Ilikuwa siri kubwa. Rasimu ya kwanza aliyochora Msanii ilikuwa na jani moja la kijani lililoelekea kushoto. Mwenye Sabuni aliliangalia kwenye kioo cha kompyuta, akasema linaonekana kama linakimbia, ligeuzwe. Likageuzwa. Rasimu ile haikuchapwa wala kupelekwa kokote. Basi, kabla sabuni yake haijaingia sokoni, ikatoka ya mshindani wake, kwenye boksi la rangi zile zile, na jani linakimbia kwenda kushoto.

Mwenye Sabuni alikuja na boksi hilo mkononi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo tulipoogopa. Bosi akamwita fundi wa kompyuta tunayemtumia, mwanamke mmoja mtaratibu ambaye ofisi yake ni mkoba wake, nasi tunamwita Dada wa Mtandao. Akapekua. Akakuta kwamba faili lilinakiliwa kwa akaunti ya Msanii, siku ambayo Msanii alikuwa likizo kwenye harusi ya dada yake, anahangaika na viti mbele ya ukoo mzima. Mfumo wetu wa zamani uliandika jina tu: Msanii ameingia. Ameingia kutoka wapi, kwa mashine ipi, haukujua na wala haukujali. Nani mwingine alikuwa na paswedi ya Msanii? Sote tulimjua. Na asubuhi ile, ingawa mwenye meza hakuwepo, Shangazi alikuwa ameiamsha kompyuta yake pamoja na nyingine zote. Alipoulizwa kwa nini, alisema ukweli: aliona vibaya kuiacha peke yake imelala.

Mwenye Sabuni alimnyooshea kidole mbele yetu. "Basi ni huyu mama," alisema. Bosi alisimama, akasema huyu mama amemlea, anamwamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Tukapiga makofi, Fundi Mkuu akagonga meza hadi kikombe kikaanguka. Shangazi peke yake hakupiga makofi. Alimgeukia Bosi akamwambia polepole, "Asante, mwanangu. Lakini akikuuliza ushahidi, utamwonyesha nini? Kwamba nilikuvua viatu?"

Ushahidi kwamba ni yeye haukuwepo, na ushahidi kwamba si yeye haukuwepo pia. Kitu pekee kilichokuwa kinamlinda baada ya miaka yote hiyo kilikuwa ni kwamba tunampenda.

Mwenye Sabuni alikubali kutuachia kazi zake zilizobaki kwa sharti moja, kwamba huyo mama asiguse kompyuta yoyote humu ndani. Bosi alitaka kukataa, na angekataa kweli, na nusu ya mitambo yetu ingekaa kimya, kwa maana sabuni ndiyo iliyokuwa ikiizungusha. Shangazi alimpunguzia mzigo. Kesho yake alipofika hakupita meza hadi meza. Alichukua aproni yake ya zamani, akajihamishia chumba cha kubandikia vitabu, akaanza kukoroga gundi.

Asubuhi ile siisahau. Tuliingia mmoja mmoja tukakuta vioo vyote vyeusi. Fundi Mkuu alikaa mbele ya kompyuta yake kama mtu aliyetembelea nyumba ya watu akakuta hawapo, kisha akanong'ona kwamba haijui paswedi yake na hawezi kwenda kumwuliza. Mimi nilijitia kuangalia dirishani. Machozi yalinitoka, na sina haja ya kuyaficha kwenye wasifu.

Wiki hiyo Dada wa Mtandao alirudi na pendekezo. Alisema kosa letu si la mtu, ni la mpango mzima: ukishaingia mlango wa mbele wa kiwanda hiki, kila kitu kinakuamini. Akatuelezea utaratibu ambao wataalamu wanauita imani sifuri. Hakuna mtu, kompyuta wala simu inayoaminiwa kwa kuwa tu imo ndani au kwa kuwa tumeizoea. Kila anayeingia ajithibitishe, kila mara, na akishajithibitisha afungue kile tu kinachohusu kazi yake, na kila kitu kiandikwe: nani, wapi, kwa mashine gani.

Jina lenyewe lilituudhi. Imani sifuri! Fundi Mkuu alisema mambo ya kutoaminiana ni ya mabenki, sisi hapa tunanoleana visu. Msanii alisema atajisikia kama mwizi kazini kwake. Bosi mwenyewe alikunja uso, akasema baba yake alikijenga kiwanda hiki kama familia, na hataki kuwa yeye aliyeweka askari sebuleni. Kikao kilikuwa kinaelekea kuvunjika. Ndipo Shangazi akatoka chumba cha kubandikia, vidole vimeganda gundi, akaomba kusema.

"Kila siku mnaniambia mnaniamini," alisema. "Nawashukuru. Lakini kuaminiwa ndiko kulikonifikisha chumba cha gundi. Mlinipa paswedi zenu zote kwa mapenzi, nami nikazichukua kwa mapenzi, na siku kitu kilipopotea nikawa mimi peke yangu humu ndani nisiyeweza kusema sikuwepo. Mimi sitaki tena mtu asimame aseme namwamini huyu. Nataka siku nikiulizwa ninyamaze, mashine iseme. Na ninyi nawatakia hivyo hivyo, maana kesho inaweza kuwa zamu yako wewe, Fundi." Kisha akasema tusipotezeane muda, gundi inakauka, akarudi zake.

Hatukupiga kura. Hakukuwa na haja.

Kazi yenyewe ilichukua miezi, na haikukosa vituko. Dada wa Mtandao alianza kwa kuhesabu kila kilichounganishwa kwenye mtandao wetu, akakuta akaunti ya dereva aliyeacha kazi zamani. Mwenyewe alishaoa, amezaa na kuhamia mji mwingine, lakini kwa mujibu wa kompyuta zetu alikuwa bado kazini, tena ana ruhusa ya kufungua kila kitu. Ikafungwa. Wateja waliokuwa wakitumia waifai moja na mitambo yetu walitengewa ya kwao. Flashi zao, ambazo zilikuwa zikichomekwa popote penye tundu, sasa zinafunguliwa kwenye kompyuta moja iliyojitenga, tunayoiita karantini. Mimi niliondolewa ruhusa ya kufungua michoro isiyopita mikononi mwangu. Nilinuna siku mbili, kisha nikagundua kwamba hata lawama zake zimeniondokea.

Kila mtu alipewa akaunti yake, paswedi ambayo haisemi kwa yeyote, na juu yake uthibitisho wa simu: ukiandika paswedi, simu yako inakuuliza kama ni wewe kweli. Fundi Mkuu ana simu ya vibonyezo ambayo haiulizi mtu kitu, kwa hiyo alipewa kifaa kidogo cha kuchomeka mfano wa ufunguo. Alikitia kamba akakivaa shingoni. Mkewe alitupigia simu kuuliza kama mumewe amejiunga na dini mpya.

Bosi ndiye aliyepata tabu kuliko wote. Jumapili moja alijaribu kufungua michoro ya mteja akiwa nyumbani, kwa tableti ambayo wanawe huichezea michezo, mfumo ukamkatalia. Akampigia Dada wa Mtandao kwa hasira, mimi ndiye mwenye kampuni! Dada akamjibu kwa upole wake kwamba kampuni ni yake lakini tableti ni ya watoto. Habari hiyo ilipofika chumba cha gundi, Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu ahamie kule, na Bosi alipousikia ule mcheko kupitia ukutani, hasira zote zikamwisha.

Lakini bado alikuwa kule. Hilo ndilo lililotukereketa. Dada wa Mtandao alimwandalia akaunti yake kama sisi wengine, yeye akakataa kuigusa. Alisema utaratibu mpya unalinda kesho. Jana yake bado iko vile vile, na sharti la mteja liko pale pale. Akaendelea kubandika vitabu, kwa ufundi, kwa utani, hata akamfundisha mbandikaji wetu namna ya kuziba uti wa kitabu usivimbe. Ila jioni alikuwa akiondoka bila kutuaga meza kwa meza kama zamani, akipitia mlango wa nyuma.

Ukombozi ulikuja wakati wa chai. Siku hizo tulikuwa tumehamishia chai yetu chumba cha kubandikia, sababu tuliyotoa ikiwa kwamba kule kuna meza kubwa. Tumekaa, Msanii ana kikombe mkono mmoja na mkate mkono mwingine, simu yake iko mezani mbele yetu sote. Ikawaka. Ikauliza: je, ni wewe unayejaribu kuingia?

Tulitazamana. Kupitia dirisha la kioo kompyuta ya Msanii ilionekana vizuri, imelala, kiti kitupu. Sote tulikuwa mezani. Shangazi alikuwa kamkabili Msanii, mikono yote miwili imo kwenye ndoo ya gundi hadi viwiko. Fundi Mkuu akamaka, "Usibonyeze kitu!" Msanii akaweka mkate chini, akabonyeza neno moja: hapana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe, "Mimi niko hapa. Na Shangazi yuko hapa."

Dada wa Mtandao alifika na mkoba wake, na safari hii mfumo haukuwa bubu. Ulisema aliyejaribu yuko wapi: nje, mbali, kwa kompyuta ambayo si yetu. Ulisema pia kwamba aliandika paswedi sahihi. Msanii alipobanwa juu ya hilo alikiri kwamba paswedi yake mpya ilikuwa ile ile ya zamani, ameongezea namba moja mwishoni. Sisemi kitu. Basi mwizi alikuwa na ile ya zamani, akabahatisha. Aliipata wapi? Dada akarudi nyuma kwenye barua pepe za Msanii, akakuta moja ya mtu aliyejidai kugawa herufi za mapambo bila malipo, kwa masharti kwamba uingie kwenye ukurasa wake kwa paswedi yako ya kazini. Msanii aliingia. Ukurasa ule na jaribio la asubuhi ile vilitoka kwenye anwani moja. Na barua yenyewe ilifika siku moja kabla Msanii hajaenda kwenye harusi ya dada yake.

Kwa maneno mengine, siku faili lilipoibwa, paswedi ya Msanii haikuwa tena ya watu wawili. Shangazi alisikiliza maelezo yote mpaka mwisho. Akauliza kama yameandikwa mahali, Dada akamwambia yameandikwa, na hakuna anayeweza kuyafuta, hata Bosi. Ndipo akatoa mikono kwenye ndoo, akakaa, akalia. Msanii alipiga magoti kumwomba radhi, akajikuta amekumbatiwa na gundi yote, na shati lile hakulivaa tena.

Mwizi mwenyewe hatujamjua hadi leo. Lakini Mwenye Sabuni ni mtu wa ushahidi, na alipoonyeshwa alikuja siku hiyo hiyo. Aliingia moja kwa moja hadi chumba cha kubandikia, ameshika katoni ya sabuni, akaanza kusema mama yangu nimekukosea. Shangazi alimsikiliza, akamwambia amemsamehe tangu zamani. Kisha akamwuliza kama amejiandikisha mapokezi, maana siku hizi hakuna anayefika chumba kile bila kujitambulisha. Tajiri wa watu akageuka na katoni yake, akaenda kujiandikisha, akapewa beji ya mgeni, akarudi kuomba radhi upya tangu mwanzo. Sijawahi kuona radhi iliyoombwa vizuri kiasi kile.

Shangazi alirudi ofisini Jumatatu. Tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi wa nani anafungua nini. Kila mwezi anapitia ruhusa zetu moja moja, na kama huhitaji tena kitu anakiondoa hata kama ni wewe uliyemletea andazi asubuhi. Bosi akituma ujumbe kuomba faili la mteja, tunampigia kwanza kwa namba tunayoijua. Mwanzoni alilalamika, sasa tusipopiga anakasirika. Viwanda viwili jirani vimetuma watu wao kujifunza kwetu, na Shangazi huwaambia jambo moja kabla ya yote: msiwaambie wafanyakazi kwamba hamwaamini, waambieni mnawatengenezea ushahidi. Watu hao huja na daftari, huondoka na sabuni, maana ile katoni haikuwa ya mwisho.

Kuamsha kompyuta hakukurudi, na hatukudai kurudi. Asubuhi bado yeye ndiye wa kwanza, birika liko motoni, na sisi tunakuta vioo vyeusi. Anapita na chai huku kila mtu anajiamshia ya kwake, akituchokoza, "Amka, jithibitishe!" Fundi Mkuu huwa anabusu ufunguo wake kwanza. Sijui kwa nini, lakini chai ile ni tamu kuliko ya zamani.

Nyumbani anasubiriwa na mume wake, seremala, aliye katika hali ya wasiwasi. Mzee huyo ametuambia kwamba akipiga simu kusema amesahau kitu, mkewe hukata na kumpigia yeye. Watoto wao watatu wana maisha yao, na wajukuu wamekwisha kuambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao bibi atakuwa nyumbani siku nzima. Tunawapa pole mapema wale wenye paswedi za jina la mbwa.

Sasa limebaki jambo moja la kueleza, kwa sababu watu wananong'ona na ni heri mlisikie kwangu. Bosi alitaka akaunti ya Shangazi isifungwe. Alisema iwe heshima ya kiwanda, ibaki wazi milele, aingie apendapo, asije siku moja akajiona mgeni. Wengi wetu tulifurahi kusikia hivyo. Shangazi alikataa. Alijaza maombi yeye mwenyewe ya kuifunga, tarehe thelathini, saa ya kengele, na kwa utaratibu wetu maombi hayo lazima yathibitishwe na Bosi. Bosi aliyaweka siku tatu bila kuyagusa.

Siku ya nne Shangazi aliingia ofisini kwa Bosi, akafunga mlango nusu, nasi tulikuwa karibu mno na mlango kuliko inavyoruhusiwa. Alimwambia, "Mwanangu, kitu kikija kupotea hapa nikiwa sipo, utasimama tena unitetee. Nakujua. Utasema huyu mama amenilea, nao watakuuliza ushahidi. Mimi sitaki utetezi, nataka wakiangalia wakute sikuwemo. Nipe hiyo zawadi, nilale." Kompyuta ilikuwa inamwuliza Bosi kama anathibitisha. Alifuta macho kwa mkono wa shati, akathibitisha.

Shangazi, kwa niaba ya Bosi, Fundi Mkuu, Msanii, Dada wa Mtandao, mbandikaji, mapokezi, madereva na mimi, asante kwa miaka thelathini na moja. Asante kwa chai, kwa kijikaratasi cha dhahabu, kwa kila asubuhi uliyotangulia kufika. Afya njema, mikono isiyo na gundi, na siku ndefu pamoja na fundi wako wa mbao. Ukitutembelea utaandikwa mapokezi na utavaa beji ya mgeni kama mtu mwingine yeyote, na tunajua hungekubali vinginevyo.

Jina lako ni safi. Zamani tulisema hivyo kwa sababu tunakupenda. Leo bado tunakupenda, na tumehakikisha.